Ubao ao Mutumbwi

3 Septemba, Kyavinyonge

Mvua ya kwanza imenyesha jana, na sehemu kubwa yake imenyesha ndani ya ofisi yangu, wanayoiita bureau. Serikali inakataza nyavu zenye matundu madogo. Kuhusu mabati yenye matundu makubwa haina neno.

Daftari hili nimepewa na mke wangu Myriam, aliyebaki Butembo na watoto. Alisema: "Papa Christa, andika. Ukinipigia simu kunielezea mitumbwi, miye nasinziaka." Yeye ni mwalimu wa shule ya msingi, amezoea kugawa kazi za nyumbani. Basi naanza kama mwanafunzi mwema. Jina: Kalala, baba wa Christa. Asili: Kasaï, mbali na ziwa lolote. Umri: hamsini na mbili. Tumbo: linatosha watu wawili. Kazi: kuandika namba za serikali kwenye mitumbwi ya uvuvi. Mutumbwi usio na namba yangu hautoki. Askari wa majini kwenye barrière, kizuizi cha pwani, anaurudisha. Mamlaka yangu yote ni kopo moja la rangi nyeupe na brashi iliyoanza kunyonyoka, kama mwenyewe.

5 Septemba

Upepo. Hakuna habari.

9 Septemba

Upepo tena, na leo una habari.

Mchana ziwa likichafuka, wavuvi wanavuta mitumbwi mchangani na kukaa. Hapo ndipo Kanyere anatoka. Ni binti wa Abdias mvuvi na Mama Jokébed, anayekausha samaki kwa moshi nyuma ya barrière. Amemaliza shule mwaka juzi na hajapata cha kufanya na cheti chake. Ana ubao. Ameukata ubavuni mwa mutumbwi wa zamani wa baba yake. Una urefu wa mtu, na ncha ameichonga kwa panga hadi ikainuka kidogo, kama pua ya mtu mwenye majivuno. Analala kifudifudi juu yake, anapiga maji kwa mikono hadi mbali, anageuka, anangoja. Wimbi likija, anasimama. Mikono imelegea, uso hauna wasiwasi, kama mtu anayengoja pikipiki kwenye mzunguko wa barabara Butembo. Na maji yanamleta mpaka mchangani.

Huu ni msimu wake wa tatu wa mvua akifanya hivyo. Vijana wa kiume wamejaribu. Wote wamekunywa ziwa.

Nikamuuliza nani alimfundisha.

"Maji, Papa Kalala. Na kuanguka."

Mzee Phinées, prezida wa kamati ya wavuvi, alikuwa anatazama pia, mikono mgongoni. Hapa desturi ni moja na haina mlango wa nyuma: mwanamke hakanyagi mutumbwi wa uvuvi. Akikanyaga, ziwa linadai mtu.

"Ule mutoto wa Abdias," alisema, "ananichosha macho."

"Lakini ule ni ubao tu, Mzee."

"Njo ile inamuokoa," alisema. "Ni ubao tu."

13 Septemba

Leo nimechekesha watu, na ninaandika nikiwa bado nimejipenda.

Askari mpya wa barrière anaitwa Grady, kijana wa Kinshasa. Amemzuia Kanyere: amri yake inasema kila kinachoelea kiwe na namba. Kanyere akaja bureau na ubao begani, unachuruzika juu ya karatasi zangu.

"Papa Kalala, unipatie namba."

"Ya ubao?"

"Ule anasema kinaelea. Mwambie basi hakielei."

Mutumbwi wa zamani wa baba yake ulikuwa namba 117. Nikachovya brashi, nikaandika upande wa juu, kwa herufi nzuri za serikali: 117 bis, yaani 117 ya pili. Grady akapiga saluti. Abdias mwenyewe alicheka hadi akashika mbavu. "Monsieur l'agent, mutumbwi yangu imezaa!"

Leo nitalala vizuri sana. Kuna watu ambao Mungu angepaswa kuwanyang'anya brashi.

20 Septemba, Beni

Bureau kuu ya hapa Beni ilinituma uwanja wa ndege wa Mavivi kumpokea mtafiti, Madame Delphine, Mbelgiji, anayekuja kupima maji ya ziwa. Alishuka na mfuko mrefu wa kitambaa cha rangi ya fedha. Askari wakauzunguka.

"Ni maiti ya nani?" aliuliza mmoja.

Wakafungua. Ubao. Mweupe, laini, umechongwa vizuri, ncha imeinuka kidogo. Madame alieleza kwa Kifaransa kwamba kwao watu wanapanda mawimbi ya bahari kwa kitu hicho, na wiki-end anataka kujaribu ya ziwa letu. Askari wakaupapasa, wakaurudisha kwa mikono miwili kama mtoto wa mtu mkubwa. Hakuna aliyemwomba namba. Hata mimi, na kopo lilikuwa kwenye gari.

27 Septemba

Madame Delphine ni mtu mwema. Anasalimia kila mtu, anakumbuka majina, na jana aliteleza juu ya wimbi moja zuri kabisa. Pwani yote ilipiga makofi. Kanyere alimshikia viatu.

Leo asubuhi alitaka kuchota maji katikati ya ziwa. Boti ya injini imekufa. Mzee Phinées mwenyewe akamshika mkono, akamwingiza kwenye mutumbwi wake, mutumbwi wa uvuvi, nyavu bado ziko ndani.

Nikamsogelea polepole. "Mzee, na desturi?"

"Desturi gani?"

"Ya wanawake."

Alinitazama kama mtu niliyemuuliza kama samaki wanavaa soksi. "Ule hapana mwanamuke. Ule ni muzungu."

Wanaume walicheka. Madame aliuliza tunacheka nini, nikamtafsiria, naye akacheka kuliko wote. Aliona amepewa heshima. Kanyere alikuwa kando yetu, viatu vya Madame tena mkononi. Hakucheka. Aliviweka chini mchangani, kimoja, halafu cha pili, akaondoka.

2 Oktoba

Mvua. Chai. Mvua.

6 Oktoba

Kanyere alikuja na simu. Madame ameweka video kwenye mtandao, maelfu ya watu wameitazama. Muziki, mawimbi, Madame amesimama. Maneno yanasema: mwanamke wa kwanza kupanda mawimbi ya ziwa hili.

"Mwisho kabisa," Kanyere alisema, "angalia pembeni." Nikaangalia. Kuna mkono na viatu viwili.

"Ule njo miye."

Nilimwambia labda Madame hakujua.

"Alinionaka, Papa Kalala. Siku ya kwanza aliniuliza namna gani nageuka. Nikamuonyesha." Alizima simu. "Wakati ya kunikataza, miye ni mwanamuke. Wakati ya kuhesabu banamuke, miye siko mutu."

Nikamwambia maneno ya watu wazima, kwamba ulimwengu ndivyo ulivyo, na kadhalika. Aliyasikiliza mpaka mwisho, kwa adabu. Ningependelea angenitukana.

11 Oktoba, Butembo

Nimepanda mlima kununua rangi na kuona familia. Nilimsimulia Myriam habari ya Mzee Phinées na muzungu asiye mwanamke. Nilifikiri atacheka.

"Na weye ulicheka?"

"Kidogo."

"Kidogo njo kiasi gani?"

Nikajiongezea sombe, mboga ya majani ya muhogo.

18 Oktoba, Kyavinyonge

Saa nane milima nyuma yetu ilipotea. Halafu ziwa likapotea. Nimeishi hapa miaka minne na sijawahi kusikia maji yakipiga kelele kama vile, kama malori yanayoteremka bila breki.

Mitumbwi ilirudi mmoja mmoja, watu wamelala ndani wakichota maji kwa bidoni, yaani madumu yaliyokatwa. Wanawake walisimama kwenye mchanga. Kila mutumbwi ukitokea mvuani, walitaja jina la mwenye nao, na mmoja kati yao, mke wake, alikaa chini. Mwishoni Mama Jokébed tu ndiye aliyekuwa bado amesimama.

Abdias alikuwa ametoka peke yake. Mwenzake ana malaria. Mvua ilipopungua, mawimbi yalileta bidoni yake ya manjano, ile ya kuchotea maji, kamba imekatika.

Hapo Kanyere akaja mbio na ubao. "Naenda," alisema. Hakupiga kelele. Aliingia hadi magotini, wimbi likamtupa, akaingia tena. Wanaume wawili walimkamata, ubao ukaanguka mchangani kati ya miguu ya Mzee Phinées, namba yangu imetazama mbinguni.

Mzee aliinama. Anasoma polepole, na alisoma kwa sauti.

"Cent dix-sept bis." Akanyoka. "Hii ni namba ya serikali. Serikali inaandikaka namba kwa mutumbwi. Donc hii ni mutumbwi. Donc mwanamuke amekanyaga mutumbwi, kila siku, mbele ya macho yetu. Tena mutumbwi ya baba yake."

Kila donc, "kwa hiyo" ya Kifaransa, ilikuwa kama msumari. Watu walisogea nyuma, na pale aliposimama Kanyere pakabaki wazi, kama mtu anapotapika sokoni.

Nilikuwa hatua chache tu. Kopo la rangi lilikuwa bureau. Nilihisi kana kwamba ninalo mkononi.

19 Oktoba

Boti ya jeshi imetafuta, haikuona kitu. Kamati imefunga ubao kwa mnyororo kwenye nguzo, na kufuli.

21 Oktoba

Kikao cha kamati, kwenye hangari ya nyavu. Kanyere alikaa chini mlangoni, mama yake kando, lakini si karibu.

Mzee Phinées hakuwa na hasira. Ingekuwa rahisi zaidi. Alisema ikithibitishwa kwamba binti amevunja desturi, atatoka pwani hii, na nafasi ya moshi ya mama yake itapewa watu wengine, maana ziwa lisipotulizwa litadai mwingine. Halafu akanigeukia.

"Papa Kalala, hapa kwetu serikali njo weye. Useme tu. Hii kitu, ni ubao ao ni mutumbwi?"

Nikisema ni mutumbwi, binti anafukuzwa kama aliyemuua baba yake. Nikisema ni ubao, basi nimeandika namba ya serikali kwenye mchezo wa watoto, na kila mvuvi niliyemrudisha kwa kukosa namba yuko hapa, ananitazama mdomo. Nina mke, watoto wanne na mshahara unaokuja ukipenda.

Nikakohoa. Nikavuta suruali juu ya tumbo.

"Itabidi niulize Beni," nikasema.

Nimewahi kusema upumbavu mwingi maishani. Huu wa leo ulikuwa na mhuri.

24 Oktoba

Madame Delphine anaondoka. Kuna habari za mapigano barabarani, na shirika lake limempa ndege kesho Mavivi. Sisi tumepewa habari hizo hizo, bila ndege.

Nilimkuta akifunga ule mfuko mrefu wa ubao. Nilimwomba kitu kimoja: apite kwenye kamati kabla ya kwenda, aseme kwamba naye ni mwanamke, kwamba alikanyaga mutumbwi wa Mzee na siku ile ziwa halikudai mtu.

Alinishika mkono. Macho yake yalikuwa na machozi ya kweli. Alisema anamhurumia sana Kanyere, lakini yeye ni mgeni, hawezi kuingilia desturi za watu.

Nikamjibu: Madame, uliingilia kwa miguu yote miwili, na tulipiga makofi.

Hapana, sikumjibu hivyo. Jibu hilo nimelipata sasa, nikiandika. Nilisema, "Safari njema," nikamsaidia kubeba ubao hadi garini. Ni mwepesi ajabu.

26 Oktoba

Hakuna anayempelekea Mama Jokébed samaki. Moshi wake umekufa.

29 Oktoba

Mama Jokébed alikuja bureau. Hakukaa. Alisimama chini ya tundu, maji yanamdondokea begani, hakusogea.

"Papa Kalala, weye ulisoma. Uniambie. Nilizaa mutoto mwenye kuua baba yake?"

"Hapana, Mama."

"Unajua ao unanifariji?"

"Najua."

"Ulijua tangu siku gani?"

Nikalisogeza kopo la rangi nyuma ya kiti.

"Mutoto anapika, siwezi kula chakula yake," alisema. "Nashika mukate, narudisha kwa sahani. Ni mutoto yangu, Papa. Nilimubeba kwa mugongo, na sasa namuogopa. Kama ni ubao, sema ni ubao. Kama ni mutumbwi, sema, nijue nalia juu ya watu wawili."

Alipotoka nilimpigia Myriam. Nilimweleza yote, hadi Beni ambayo sijaiuliza. Hakusinzia.

"Papa Christa," alisema, "batoto yangu ya darasa la pili banajua tofauti ya ubao na mutumbwi. Nikutumie mumoja?"

2 Novemba

Nimesema.

Hangari ilijaa. Nilisimama mbele ya ubao na nikasema: "Ni ubao. Ulikuwa ubao jana, na juzi. Namba niliandika kwa kicheko, kwa sababu Grady alitaka namba na mimi nilitaka watu wacheke. Mjinga hapa ni serikali, wala si Kanyere."

Halafu sauti ya Mumbere, mmoja wa wavuvi, kutoka nyuma: "Kumbe hata yangu uliandikaka kwa kicheko? Juu ile siku ulinirudisha, miye sikucheka."

Hangari ikapasuka. Walicheka hadi wengine wakatoka nje. Nilisimama katikati na tumbo langu, nikingoja waishe. Kanyere peke yake alinitazama bila kucheka, na safari hii nilishukuru.

Mzee Phinées alinyosha mkono, wakanipa panga. Nikakwangua namba mbele yao. Rangi ya serikali, nakiri kwa majivuno, ni imara, jasho lilinitoka. Ilipobaki mbao tupu, Mzee akasema: "Ubao. Donc desturi haikuvunjwa. Donc mutoto abaki, na moshi ya mama yake iwake." Akafungua kufuli. Akaongeza kwa sauti ya chini, "Lakini ile haiwezi kumurudisha Abdias."

Nje, Kanyere alinifikia. "Aksanti, Papa Kalala."

"Hakuna neno, mwanangu."

"Iko neno," alisema. "Juu ya nini ulichelewa?"

5 Novemba

Mumbere amefuta namba yake. "Yangu pia ni ubao," anasema, "lakini murefu." Watatu wamemfuata. Kutoka Beni nimeletewa demande d'explication, barua ya kunitaka nijieleze. Nimeanza kueleza. Ni vigumu kuandika neno "kicheko" kwa Kifaransa cha kiofisi.

9 Novemba

Moshi wa Mama Jokébed unawaka. Wateja wachache. Kanyere hajagusa maji.

14 Novemba

Mchana, boti ya injini ilitia nanga ikiwa na wavuvi wanaorudishwa kutoka ng'ambo. Wa nne kushuka, kichwa kimenyolewa, shati la mtu mwingine, ni Abdias.

Dhoruba ilimsukuma hadi upande wa pili, askari wa huko wakamkamata kwa kuvuka mpaka. "Banasema nilipita mustari," alituambia. "Mustari gani? Miye naonaka maji tu."

Mama Jokébed hakulia. Alimpapasa kichwa, masikio, mabega, kama anayekagua samaki kabla ya kununua. Kanisani jioni tuliimba hadi sauti zikakauka, na Mzee Phinées aliomba sala ndefu ya shukrani. Alishukuru kwa Abdias, kwa mvua, kwa wanajeshi, hata kwa ajili yangu. Kanyere hakutajwa.

Lakini nilialikwa kula kwao, na hapo nikaona kitu. Kichwa cha tilapia kwenye nyumba hiyo ni cha baba, siku zote. Mama Jokébed alikitoa chunguni, akampita mumewe, akakiweka kwenye sahani ya Kanyere. Kisha akakaa karibu naye, magoti yakagusana, akala alichopika binti yake.

Abdias alitafuta kwenye sahani yake. "Kichwa yangu iko wapi?"

"Ile yako unayo kwa shingo," alisema mkewe. "Mushukuru Mungu."

Kanyere alikula polepole, hadi macho ya samaki.

17 Novemba

Upepo mzuri. Kanyere alibeba ubao, pwani nzima ikajifanya haioni. Alipofika barrière, Grady akaupindua huku na huku.

"Namba iko wapi? Ilikuwako."

"Papa Kalala alifuta."

"Nimero te, mayi te," alisema kwa Kilingala chake: bila namba, hakuna maji. Baada ya habari za mapigano amri imekuwa kali. Kitu kisicho na namba kikionekana ziwani, wanapiga risasi. Hakuwa anatania.

Kanyere alikuja akasimama mlangoni mwangu. Namba ikiwepo, ni mutumbwi, hawezi kukanyaga. Isipokuwepo, si kitu, na askari watampiga. Nimemfungia mlango kwa rangi, kisha kwa panga.

19 Novemba

Mzee Phinées amepita bureau. Alikagua paa, akakagua kopo, akalalamika kuhusu mgongo wake. Niliona anazunguka kitu kama mbwa kabla ya kulala.

"Ule mutoto hatoki tena," alisema.

"Hana namba, Mzee."

"Nasikia." Akapangusa miwani. "Abdias amerudi. Nilisema maneno mbele ya watu. Mwenye cheo, maneno yake hairudiki nyuma kama gari." Akavaa miwani. "Miye ni muzee. Kitu kikilala juu ya maji, naonaka juu yake tu. Ya chini ni ya samaki."

Nikamtazama.

"Na ule askari," akasema akitoka, "naonaka anapinduaka kila kitu. Wavukire." Ni salamu ya Kinande ya asubuhi. Ilikuwa saa kumi jioni.

23 Novemba

Namba 117 bis iko tumboni mwa ubao. Nimeiandika upya, herufi nzuri, rangi ya Butembo. Asubuhi Grady aliupindua, akasoma, akapiga saluti. Upande wa juu, unaotazamwa na kamati, ni mbao tupu na alama za panga langu.

Kila mtu pwani anajua. Anajua pia kwamba Kanyere akianguka, ubao utageuka, namba itaonekana, na itabidi kamati ikae tena. Ndiyo maana hakuna aliyekuwa anacheza leo. Abdias alishona wavu ambao haukuwa umechanika. Mama Jokébed aliacha moshi umwingie machoni.

Mzee Phinées alikuja kusimama kando yangu. Aliligeuzia ziwa mgongo, akatazama milima.

"Ameingia?"

"Ameingia, Mzee."

Wingu jeusi lilikuwa linashuka, mawimbi makubwa kuliko ya mwezi wa tisa. Kanyere aliacha la kwanza lipite. Aliacha la pili.

"Sasa?"

"Anangoja."

"Anangoja nini?"

Wimbi lilimwinua. Nilimwona akipiga magoti, kisha akisimama. Ubao uliyumba kidogo, mkono mmoja ukaenda hewani. Mama Jokébed alishika kiuno cha mtu aliyekuwa karibu, bila kuangalia ni nani. Alikuwa Grady.

"Amesimama?" aliuliza Mzee.

"Amesimama."

"Muzuri. Akianguka uniambie, nigeuke."

Mvua ilitufikia hapo hapo. Tulibaki tumesimama tukilowa, yeye anatazama milima isiyoonekana tena, mimi natazama maji, Kanyere bado amesimama, na sikuwa na kitu cha kumwambia.